Mshono wa Uzi Mweusi

Bitana ya koti ilifumuka kwa urahisi kuliko alivyotarajia, na hilo nalo likamtia shaka. Mshonaji alisimama kidogo, akasikiliza. Bafuni maji yalikuwa bado yanamwagika, kopo baada ya kopo, na mumewe alikuwa anapiga mluzi kama mtu ambaye dunia haimdai chochote. Akaingiza vidole viwili kati ya bitana na kitambaa, akapapasa upande wa kushoto, mgongoni, makwapani. Vumbi. Kipande cha kalamu ya risasi. Karatasi hakuna.

Alikuwa ameshapekua viatu, godoro, nyuma ya redio, na madaftari ya binti yake moja baada ya jingine. Sasa alikuwa amefikia koti la kazi, na kama angekuta kitu humo angefanyaje, Mungu ndiye ajuaye, maana yeye mwenyewe hakujua. Akashona haraka. Uzi wa kijivu ulikuwa umemwishia tangu juzi. Akatia mweusi, akijiambia kwamba rangi haziachani sana, na kwamba hakuna mwenye akili timamu anayekaa kutazama ndani ya koti.

Mluzi ulinyamaza. Akalitundika koti msumarini, akakaa nyuma ya cherehani yake na kuanza kukanyaga bila kitambaa.

"Unashona hewa leo?" mumewe alimwuliza, akiingia na taulo shingoni.

"Naijaribu. Ilikuwa inagoma."

Alilitazama koti, akamtazama mkewe, akavaa.

Mambo yalikuwa hivi, na afadhali tuyaseme wazi, maana mtaani yalishasemwa kwa namna arobaini. Mume huyu alikuwa fundi wa mtambo katika kiwanda cha uchapaji, na kazini walimwita Macho. Jina hilo hakulipata kwa uzuri wa macho. Kiwandani kulikuwa na desturi: kila kazi mpya, mtambo ukishatoa karatasi safi ya kwanza, unapunguzwa kasi, wafanyakazi wanaizunguka meza, Msimamizi anakishika Kitabu, wote wanafumba macho, wanasali. Karatasi ile ya kwanza waliiita limbuko. Msimamizi huikunja na kuitia ndani ya Kitabu hadi kazi iishe, ili kazi yote ibarikiwe. Wote walifumba macho isipokuwa mmoja. "Mtambo hausali," ndivyo alivyokuwa akisema. "Lazima mmoja wetu auangalie." Kwa miaka kumi na mmoja watu walicheka, wakamwacha.

Halafu ikaja kazi ya mitihani. Kazi hiyo ilikuwa na amri zake: hakuna kutoa hata karatasi iliyoharibika, wala iliyopakwa wino, wala nusu. Msimamizi mwenyewe alitangaza mbele ya wote kwamba safari hii hakuna limbuko, ni sala tu. Wakasali, wakachapa. Jioni ya Jumamosi wakahesabu, wakarudia, wakarudia tena. Kihesabio cha mtambo kilisema elfu kumi na mbili na moja. Mikono ya watu ikasema elfu kumi na mbili. Karatasi moja ya mtihani wa hisabati ilikuwa imeyeyuka, ndani ya chumba chenye mlango mmoja na mlinzi mmoja.

Na yule mwenye macho wazi alikuwa na binti anayefanya mtihani huohuo baada ya wiki mbili. Hapo watu wangefikiri nini?

Jumatatu Msimamizi alikiweka Kitabu mezani, akawataka wote wale yamini. Kumi na mmoja wakaweka mikono, mmoja mmoja, wakaapa. Ilipofika zamu ya Macho, akaiweka mikono yake mfukoni.

"Nipekueni," alisema. "Nivueni nguo, pekueni nyumba yangu, hesabuni meno yangu. Kuapa siapi."

Walimvua nguo kweli. Alisimama na chupi mbele ya vijana aliowafundisha kazi, huku mlinzi akikung'uta soksi zake. Hawakupata kitu. Wakamrudisha nyumbani asubiri.

*

Jirani wa mlango wa pili alikuja Jumanne mchana na sketi iliyochanika pindo. Pindo lenyewe lilichanika kwa mkasi, mshonaji aliliona mara moja, lakini akaipokea tu.

"Mnaendeleaje, shoga yangu? Na Pekee je, anasoma?" Pekee ndilo jina la utani walilompa binti yao, kwa kuwa hakupata ndugu.

"Anasoma."

"Asome. Maana mwaka huu wanasema hisabati ni ngumu." Alivuta kigoda karibu, sauti ikashuka. "Sasa sikiliza. Mimi na wewe tumekula chumvi pamoja. Mwanangu naye yumo darasa hilohilo. Sisemi kitu. Ila kama ndani ya nyumba hii kuna... kuna mwanga wowote, usitunyime jirani zako."

Mshonaji aliacha kushona. "Mwanga gani?"

"Aa, basi! Mimi sijasema." Jirani aliinua mikono. "Lakini lisemwalo lipo, mama. Mwanamume asiye na Mungu atamwogopa nani? Mimi wangu mlevi, mgomvi, lakini akiapishwa anatetemeka. Huko kutetemeka ndiko kunakoniwezesha kulala. Wewe unamshika wapi wako?"

"Hajawahi kunidanganya."

"Unajuaje?" Jirani aliuliza kwa upole wa kuudhi. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Alipoondoka, mshonaji alibaki ameishika ile sketi. Maneno ya nguoni yalimchoma kama sindano. Akajiuliza kama yule mwanamke alimwona dirishani asubuhi na koti mapajani.

Alimpenda mumewe. Alimpenda na kumwona na upungufu, kama shati zuri lisilo na kifungo cha juu. Mara nyingi alikuwa amewaambia wanawake wenzake wa ibada kwamba ni uchovu tu, kwamba kuna siku atarudi. Watu walitaka wapewe sababu: labda alifiwa na mtoto, labda alidhulumiwa na kiongozi wa dini. Hakufiwa, hakudhulumiwa. "Nilikaa nikafikiri," ndilo jibu lake, "nikaona siamini." Jibu hilo lilimwogopesha mkewe kuliko msiba. Msiba hupoa. Mtu aliyekaa akafikiri utamrudisha kwa njia gani?

Pekee alirudi kutoka shule mapema, akalitupa begi sakafuni.

"Wamenitoa," alisema. "Mwalimu mkuu amesema jina langu litawekwa pembeni mpaka ya baba yaishe. Yasipoisha kabla ya Jumamosi orodha inakwenda bila mimi." Midomo ilimcheza. "Na wenzangu, mama, nusu wananiita mwizi na nusu wananiomba niwaonyeshe. Walewale!"

Macho alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaliokota lile begi, akalifuta vumbi, akaliweka mezani.

"Nenda kaoge, mama," alimwambia binti yake. "Kisha tuendelee na yale mafumbo ya pembetatu. Yule pembetatu hajali baba yako ni nani."

Pekee alicheka kidogo huku akilia. Mshonaji hakucheka. Alikuwa anawaza: kwa nini hisabati? Kwa nini tangu Jumamosi anamfundisha hisabati tu?

*

Alhamisi asubuhi Msimamizi alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti nzito na mikono mikubwa yenye wino usiotoka kwenye kucha. Hakuwa mtu mbaya, na tusimsingizie. Mwaka ambao mshonaji alilazwa, yeye ndiye aliyepitisha zamu za Macho kwa wengine ili mumewe amuuguze hospitalini. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa kizima kati ya viti vinne, akakataa maji, kisha akayakubali.

"Macho," alisema, "nimekuja kama kaka. Kesho saa sita watu wa ofisi ya mitihani wanakuja. Nikiwaambia wote wameapa, nitasema ni kosa la kihesabio, nitalibeba mimi. Nikiwaambia mmoja amekataa, wataondoka naye. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mzee. Kihesabio hakina kosa. Nilikisafisha mwenyewe."

"Ee Mungu wangu!" Msimamizi alimgeukia mshonaji. "Unamsikia? Namtupia kamba, anaikata!"

"Karatasi ipo mahali," Macho alisema. Alichomoa mfukoni kalenda ya mwaka jana, nyuma yake ameandika orodha ndefu. "Nimeandika kila mahali ambapo karatasi inaweza kuingia. Chini ya roli za mtambo, kwenye bomba la hewa, ndani ya bando la karatasi nyingine, kwenye mapipa ya wino, ndani ya aproni za watu. Pahali thelathini na nne. Tumeangalia kumi na tisa tu. Tuangalie palipobaki."

"Wewe ulikuwa na macho wazi. Uliona nini?"

"Niliona wino. Nilikuwa nimewapa mgongo, natazama wino."

"Basi weka mkono useme hivyo."

"Nimeshasema hivyo bila kuweka mkono."

Msimamizi alivuta pumzi. "Nikuambie ninavyoona mimi? Kutoamini ni ulegevu. Ni kama mtu aliyeshindwa kuamka alfajiri, akaanza kusema alfajiri haina maana. Imani ina kazi, bwana. Kusali kila siku ni kazi, kusamehe ni kazi. Wewe ulichoka, ukaupa uchovu wako jina la akili."

"Inawezekana," Macho alisema. Hilo lilimshangaza mkewe. "Nimewahi kujiuliza hivyo mwenyewe. Lakini mzee, mlegevu angeapa. Angeweka mkono, akasema maneno mawili, akarudi kwenye mtambo wake. Mimi nimekaa nyumbani siku ya nne, binti yangu ametolewa shule. Ulegevu gani huu unaochosha hivi?"

Mshonaji hakuweza kuvumilia tena. "Basi niambie mimi! Kama kwako Kitabu ni karatasi tu na jalada, kinakuzuia nini? Weka mkono, sema, yaishe! Anayeogopa kiapo ni mwenye imani. Au ni mwenye hatia." Neno la mwisho lilitoka kabla hajalizuia.

Pekee aliacha kugeuza kurasa chumba cha pili.

"Ninyi mtakipokea kama kiapo," Macho alisema polepole. "Mzee hapa atatoka akiwa na amani kwa sababu ya kitu ambacho mimi najua hakimo. Huko ni kumdanganya. Sijawahi kumdanganya, na sitaanzia kwenye kitu anachokiheshimu kuliko vyote."

Msimamizi alimaliza maji yake, akaweka glasi chini. Kisha akasema, "Basi kuna njia nyingine. Asiye na dhamana huleta mdhamini. Mkeo ana imani, watu wote wanamjua. Aje kesho aape kwamba hukuchukua. Mimi nitaukubali mkono wake, na wenzangu wataukubali." Alisimama, akaongeza kwa fahari kidogo, "Kitabu kile nimekishika miaka ishirini. Siku hizi hata sikifungui, kimo chote humu kichwani. Hakijawahi kuniangusha."

"Atakuja," mshonaji alisema.

"Hujaniuliza," mumewe alimwambia.

"Na wewe hukuniuliza ulipokataa."

*

Ijumaa alivaa gauni lake la ibada. Njiani hawakuzungumza. Macho alitembea upande wa barabara, koti begani, na kila lilipopeperuka mshonaji aliiona bitana na kugeuza uso.

Getini mlinzi alimpekua mkoba, akatoa kitambaa, kitana, kibweta cha sindano, akavipanga juu ya ukuta watu wakipita. "Ni amri, mama," alisema bila kumtazama, ingawa suruali aliyovaa ilikuwa imepunguzwa na mkono wa mshonaji. Mshonaji alivirudisha vitu vyake mkobani kimoja kimoja.

Ndani kulinuka wino na mafuta. Mtambo ulikuwa kimya, mkubwa, umefutwa unang'aa. Wafanyakazi kumi walisimama kuizunguka meza, na kwenye viti viwili waliketi mwanamume na mwanamke wa ofisi ya mitihani, faili magotini. Msimamizi alikitoa Kitabu kwenye kabati kwa mikono miwili, akakilaza mezani. Kilikuwa kikubwa, jalada jeusi lililochakaa pembeni.

"Huyu ni mke wake," Msimamizi aliwaambia wageni. "Mwanamke mcha Mungu. Anakuja kuapa kwa niaba ya nyumba yake."

Mwanamke wa ofisi alitazama saa. "Kwetu kiapo hakitoshi. Lakini endeleeni, tutaandika."

Mshonaji alisogea. Alijua maneno: naapa mbele ya Mungu kwamba mume wangu hakuchukua. Alikuwa ameyarudia tangu alfajiri, na kila alipofika kwenye "hakuchukua" alianza upya. Hakuchukua? Alijuaje? Alikuwa amepekua asipate, na kutopata si kujua. Angeweza kuwa ameikariri na kuichoma. Angeweza kuwa ameificha hukuhuku. Na kama ndivyo, mkono wa mshonaji ndio ungeungua, si wa yule pale asiyeogopa moto.

Aliinua mkono. Ukasimama hewani.

"Mama?" Msimamizi alimwita.

Akamtazama mumewe. Macho alitikisa kichwa kidogo sana. Hakumsihi aendelee. Alimsihi aache. Na mshonaji, badala ya kutulia, akazidi kushuku: kwa nini hataki?

Lakini akamwona Pekee akilini, na begi sakafuni. Akapiga moyo konde.

"Kwetu," alisema, sauti ikikwaruza, "mama yangu hakuruhusu mtu aape juu ya Kitabu kilichofungwa. Alisema kukifunga ni kumfumba mdomo shahidi. Nikifungue kwanza." Ilikuwa kweli kwamba mama yake alisema hivyo. Ilikuwa kweli pia kwamba alikuwa anatafuta muda, hata wa pumzi tatu.

"Fungua," Msimamizi alisema.

Alishika jalada, akakifungua katikati. Kurasa zikagawanyika zenyewe, kama zilizozoea kugawanyika pale. Karatasi iliyokunjwa mara nne ilikuwa imelala humo, nyeupe kuliko kurasa. Aliichukua bila kufikiri, akaikunjua. Juu kabisa paliandikwa HISABATI, na chini yake, swali la kwanza, palikuwa na pembetatu.

Halafu kijana mmoja wa kufunga mabando akasema, kwa sauti ndogo, "Sisi wote tuliweka mikono hapo."

Kweli. Watu kumi na mmoja walikuwa wameapa na karatasi iko chini ya viganja vyao, na kila mmoja alikuwa amesema ukweli.

Msimamizi alikaa chini, si kwenye kiti, sakafuni. Aliigeuza mikono yake akaitazama. "Nilisema hakuna limbuko," alisema. "Nilisema mwenyewe. Mnanikumbuka nikisema?" Walimkumbuka. "Miaka ishirini. Nikifumba macho, mikono inakunja. Sikuihisi. Wallahi sikuihisi." Na alilia, mtu mzima yule, bila kujificha.

Mwanamke wa ofisi aliinyakua karatasi, akaipima, akaandika. Alitaka kujua ni nani mwenye ufunguo wa kabati, ni nani amelifungua tangu Jumamosi. Mwenye ufunguo alikuwa mmoja, na Kitabu hakikutoka chumbani. Yangekuwapo maelezo ya kuandika, na Msimamizi angeyaandika kwa wiki nzima, lakini hesabu ilikuwa imetimia.

Hapo ndipo wengine walipolipuka. "Muujiza!" mmoja alipaza sauti. "Kitabu kimejisemea chenyewe!" Wakamzunguka mshonaji, wakamshika mikono, wakasema mkono wake ni wa baraka. Msimamizi aliinuka, akamkumbatia Macho kwa nguvu.

"Nisamehe," alimwambia. "Nisamehe, ndugu yangu. Lakini umeona? Umeona mwenyewe? Hata sasa huamini?"

"Naamini karatasi imepatikana," Macho alisema, akimpigapiga mgongoni. Kisha akatoa ile kalenda, akaitazama orodha yake, akacheka bila furaha. "Pahali thelathini na nne, mzee. Kitabu sikukiandika humu. Hata mimi sikuthubutu kukishuku."

*

Jioni jirani alileta sahani iliyofunikwa na maneno mengi. Alisema yeye siku zote alijua. Mshonaji alimrudishia sketi yake, pindo limeshonwa, akamshukuru, akafunga mlango. Mwalimu mkuu alikuwa ameshatuma ujumbe: jina la Pekee limerudi kwenye orodha. Kutoka chumba cha pili ilisikika kalamu ikikwaruza daftari.

Macho alikaa kwenye kile kiti kizima, koti mapajani. Alikuwa ameligeuza ndani nje.

"Baba Pekee," mshonaji alianza. Alitaka kusema kuhusu chakula.

"Uzi mweusi," mumewe alisema.

Mshonaji akakaa kwenye kigoda cha cherehani.

"Uliona lini?"

"Jumanne. Nilipolivaa. Mshono wako naujua, mama Pekee, ni mdogo na umenyooka. Huo ulikuwa umenyooka vizuri mno." Alipitisha kidole juu yake. "Nikaondoka nalo begani. Nikatembea nalo siku nne."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uniulize."

"Ningekuuliza ungesema hukuchukua. Kila mtu angesema hivyo. Ningejuaje?"

"Hungejua," alikubali. "Ndivyo nilivyojiambia. Nilisema: ana haki. Mimi mwenyewe ningefumua. Mimi ndiye niliyewafundisha humu ndani kwamba kitu kiangaliwe kabla ya kusadikiwa. Nilijiambia hivyo siku zote nne." Alisugua pale uzi ulipoishia. "Haikusaidia kitu."

Mshonaji alilia. Alisema aliogopa, alisema ni maneno ya watu, alisema ni kwa ajili ya mtoto, na yote yalikuwa kweli.

"Na leo," mumewe aliendelea, si kwa ukali, "ulikuwa unataka kuapa kwamba sikuchukua. Ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema ndiyo. Mumewe asingemshtaki kwa hilo, wala Mungu wake asingekuwa mkali kwa uongo mdogo wa kumfariji mtu. Alitazama mikono yake.

"Sikujua," alisema. "Niliposhika jalada bado nilikuwa nafikiri labda ni wewe."

Macho aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa hesabu akaikuta sawa.

Mshonaji alifuta uso kwa kiganja. Kisha akasogea karibu, akapiga magoti mbele ya kile kiti, akamwuliza, kwa sauti aliyopaswa kuitumia Jumamosi: "Baba Pekee, ulichukua?"

"Sikuchukua."

"Nakuamini."

Mumewe alitabasamu, tabasamu la kuumia. "Imechelewa. Sasa unajua tu." Aliweka mkono juu ya kichwa cha mkewe, mkono mzito wenye harufu ya wino. "Nilitaka uniamini wakati ule hujui. Mimi huyuhuyu, Macho, nisiyeamini. Cheka basi."

Hakucheka. Alinyoosha mkono kwenye kibweta, akatoa mkasi mdogo na kidonge kipya cha uzi wa kijivu alichokinunua njiani wakirudi, akalivuta koti taratibu kutoka mapajani mwake. Macho alilishika upande wa pili.

"Usilifumue," alisema. "Liache hivyohivyo."